Ua wa nyumba uzae: mkunazi mbele, bogenvilia nyuma

Ukipita mitaa mipya ya Kisauni, kuanzia Mtopanga hadi Shanzu, au ukiingia Likoni kwa upande wa Mtongwe, utaona kwamba nyumba nyingi zikishamalizwa hupewa vitu viwili: lango la chuma na bogenvilia. Mkunazi uliokuwa kiwanjani kabla ya mwenye nyumba kufika, mara nyingi ulishakatwa siku msingi ulipochimbwa, kwa hoja kwamba una miiba, unachafua uwanja na ni mti wa kichakani. Bogenvilia nayo ina miiba, lakini hiyo husamehewa kwa sababu ya rangi zake. Naamini tumefanya uchaguzi huu bila kuupima. Kwa viwanja vidogo vya ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mkunazi unastahili nafasi ya kwanza kwenye ua, na bogenvilia ije baada yake.

Hoja yangu inaanzia kwenye nafasi. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 291,930 Kisauni, 250,358 Likoni na 131,882 Changamwe. Jumla ni 674,170, zaidi ya nusu ya wakazi wote 1,208,333 wa Kaunti ya Mombasa. Watu wanaongezeka, viwanja vinagawanywa, na shamba la nyuma ya nyumba alilolijua babu limekuwa vyumba vya kupangisha. Kilichobaki kwa familia nyingi ni ule ukanda mwembamba kando ya ua. Mahali palipobanwa hivyo, mmea wa ua ni kama mpangaji: ukikaa miaka ishirini bila kutoa kitu, hasara ni ya mwenye nyumba. Kwa hiyo uzuri pekee hautoshi kuwa kipimo. Tuulize pia mmea unahitaji nini ili uishi, unalinda vipi, na unarudisha nini.

Udongo na maji huamua kabla yetu. Kisauni na Likoni zimekaa juu ya mawe ya matumbawe na mchanga, ambapo mvua hupenya upesi na mizizi mifupi hubaki mikavu. Changamwe ina udongo mzito wa mfinyanzi, unaonata wakati wa masika na kupasuka kiangazi. Maji ya mfereji yanatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na mitaa mingi huyapata kwa mgao, huku visima vingi vya karibu na bahari vikiwa na chumvi. Mwaridi, ambao wengi wangeutamani, hauna raha katika hali hii: unapenda ubaridi wa nyanda za juu kama Naivasha, na joto la pwani lenye unyevunyevu huuletea maradhi ya ukungu kwenye majani. Bogenvilia na mkunazi zote mbili zinaufaulu mtihani huu, na ni haki kusema hivyo. Bogenvilia hupenda jua kali, na ikimwagiwa maji mengi hutoa majani badala ya maua. Mkunazi hushusha mzizi mkuu chini sana, huvumilia udongo duni na chumvi kiasi, na ukishashika hauhitaji mtu kuubebea ndoo. Kwa upande wa uvumilivu, basi, zinatoshana. Tofauti iko kwenye kinachorudi kwa mwenye nyumba.

Tuna ushahidi mkubwa hapa hapa Bamburi wa namna ya kuchagua mmea. Mwaka 1971 René Haller alianza kuotesha miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa jiwe tupu lenye chumvi. Alijaribu aina 26, zikastahimili tatu tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Mvinje haukupewa kazi ile kwa sababu ya sura yake. Mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni kutoka hewani, na majani yake makavu yaliliwa na majongoo yakageuka mboji, hadi udongo ukapatikana palipokuwa hapana udongo. Leo machimbo yale ni Haller Park. Funzo lake kwa mwenye kiwanja cha futi hamsini kwa mia ni kwamba mmea bora ni ule unaoishi kwa kilichopo, kisha ukaacha mahali pakiwa na neema zaidi kuliko ulivyopakuta.

Sasa tuziangalie bogenvilia na mkunazi kwa karibu. Kile tunachokiita ua la bogenvilia ni majani matatu membamba kama karatasi, yaliyopakwa rangi ya zambarau, chungwa au nyeupe. Ua lenyewe ni kile kijineli cheupe kilichojificha katikati, na kwa aina nyingi za bustanini likianguka haliachi tunda. Mkunazi una jani la mviringo, kijani kinachong'aa juu na weupe wa sufi chini. Kwenye kila kikonyo mara nyingi kuna miiba miwili, mmoja ulionyooka na mwingine uliopinda kama ndoana. Maua yake ni madogo, ya kijani-manjano, na mpita njia hayaoni. Nyuki wanayaona. Wenye jamaa Hadhramaut wanajua thamani ya asali ya huko, ambayo hutokana na ndugu wa karibu wa mti huu. Baada ya maua huja kunazi zenyewe, tunda ambalo kwa kawaida lina vitamini C kushinda chungwa la uzito ule ule, ambalo watoto hulila bichi na linaloweza kukaushwa likawekwa. Majani ni malisho ya mbuzi. Yakipondwa majini hutoa povu la kuoshea nywele. Na katika mitaa yetu yenye Waislamu wengi, majani hayo hayo hutiwa katika maji ya kuoshea maiti, kwa kufuata mafundisho ya Mtume Muhammad (SAW). Msiba hauna saa, na mtaa uliokata mikunazi yake yote hulazimika kutuma mtu mtaa wa pili usiku kutafuta majani.

Wapo watakaosema kwamba uzuri nao ni faida, na kwamba maisha ya mitaa yenye vumbi na malori, hasa Changamwe, yanahitaji rangi kuliko kunazi. Nakubali kabisa kwamba mtu anahitaji kitu cha kupumzisha macho. Ndiyo maana sisemi bogenvilia ing'olewe, wala sina neno nayo kwa kuwa ilitoka mbali. Wafaransa wa msafara wa Louis-Antoine de Bougainville waliikuta Rio de Janeiro mwaka 1767, lakini mwembe nao ulikuja kutoka Asia na hakuna anayeuita mgeni. Ninachosema ni kwamba shina moja juu ya lango linatosha kutoa rangi ya kiwanja kizima, kwa kuwa bogenvilia hutambaa na kutanda. Kuizungushia kiwanja chote ni kuufunga ukanda mzima wa ardhi kwa kazi ambayo shina moja lingeifanya.

Pingamizi la pili ni kwamba mkunazi huwa mti mkubwa, mizizi yake itapasua msingi na miiba yake itawachoma watoto. Ukiachwa, ni kweli, hukua hadi kufunika uwanja. Lakini tabia yake moja inaufanya ufae sana kwa ua: huzaa kwenye matawi mapya ya mwaka huo huo. Wakulima wa India huupogoa kwa nguvu kila mwaka, na kupogoa huko ndiko kunakowapa mavuno. Anayeupanda kwenye mstari na kuukata kila mwaka anapata ukuta mnene wa miiba usiopenyeka na mwizi, na tunda pia. Usipandwe kwa kugusana na msingi au shimo la choo, na matawi ya upande wa njia yakatwe kabla hayajamfikia mpita njia. Kunazi zilizoanguka ziokotwe, maana nzi wa matunda huzaliana humo. Bogenvilia nayo hudai mkasi mara kwa mara, kwa hiyo kazi haiongezeki sana. Kinachobadilika ni malipo tu.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo ni la ardhi. Wengi wa Likoni na Kisauni wanaishi katika mtindo wa nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine. Kwa nini mtu apande mti wa miaka mingi asipojua kesho yake? Watu wa shamba la Waitiki huko Likoni, la ekari 930, walizingoja hati za ardhi hadi Januari 2016. Hofu hiyo haifai kubezwa. Hata hivyo, desturi ya pwani imekubali tangu zamani kwamba mwenye ardhi na mwenye miti waweza kuwa watu wawili, na mti wa matunda hudaiwa fidia kwa urahisi kuliko pambo. Tena mche wa mkunazi uliopandikizwa waweza kuzaa baada ya miaka miwili au mitatu tu, kwa hiyo hata asiye na uhakika wa miaka kumi ana sababu ya kuupanda.

Kuna mahali pamoja ambapo bogenvilia inashinda, nako ni kwenye udongo uliotiwa sumu. Watu wa Owino Uhuru, huko Mikindani jirani na Changamwe, walidhurika kwa madini ya risasi yaliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Penye historia ya namna hiyo, kisipandwe chochote cha kuliwa na mtu wala mbuzi hadi udongo upimwe. Hapo mmea usioliwa ndio salama.

Kwingineko, hesabu iko wazi, na kaunti inaweza kuisaidia. Vitalu vya miche vya kando ya barabara ya Malindi huuza kile watu wanachokiulizia, na mkunazi hauuliziwi kwa sababu miche iliyopandikizwa ili izae matunda makubwa ni michache. Kaunti iwafundishe wauza miche kupandikiza, na shule, misikiti na makanisa zianze na nyua zao. Mwenye kiwanja asingoje hayo. Masika yakikaribia, achimbe mashimo ya mikunazi kuzunguka uwanja, abakishe bogenvilia moja langoni, na kabla ya kuukata mkunazi uliokuwepo ajiulize kama anachokipanda badala yake kitawahi kumpa hata nusu ya alichonacho.