Utetezi wa Mto wa Nairobi

Jiji lililopewa jina na maji halina haki ya kuyadharau maji. Wamaasai walipaita mahali hapa Enkare Nairobi, maana yake maji ya baridi, kabla reli ya kutoka Mombasa haijafika mwaka 1899. Leo jina hilo latajwa kwa fahari, walakini mto uliolizaa hupitwa na watu walioziba pua. Nakuandikia, msomaji kijana, kwa kuwa utasikia hoja nne za kuuacha mto huu uangamie. Zote zimevaa joho la busara. Natutazame kilichomo ndani yake.

Hoja ya kwanza husema kuwa mto umekwisha kufa, na maiti hatibiwi. Asemaye hivyo hajaufuata. Mto huu huanza katika kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu, ukapita Dagoretti na Kawangware, ukashuka Chiromo na chini ya kilima cha Makumbusho, kisha ukaambaa katikati ya jiji kuelekea Gikomba na Dandora. Njiani hupokea vijito kadha wa kadha, kama Kirichwa Kubwa kipitacho katika bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907. Mbele huungana na Mto Athi. Athi nao huvuka nyika ya Tsavo, hubadili jina ukaitwa Galana, kisha Sabaki, na mwisho huingia Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Pale mlangoni wako viboko na heroe, na ndege wa pwani waliokimbia baridi kali ya Ulaya na Asia. Basi kitupwacho Gikomba hakipotei. Hutumwa kwa mchungaji na mvuvi wasiotujua. Ni maiti gani awezaye kusafiri mamia ya kilomita akinywesha watu na wanyama?

Hoja ya pili ni ya wale wanaotuonyesha ndege. Husema, “Tazameni korongo wenye upara na mfuko shingoni, wale marabu, walivyojaa juu ya migunga ya Barabara ya Mombasa! Viumbe wamestawi, hakuna neno.” Huu ni ushahidi uliogeuzwa. Marabu hula mizoga na takataka, na wingi wake katikati ya mji watangaza wingi wa taka zetu. Atakaye kujua usafi wa jiko hahesabu nzi. Shahidi wa haki ni mdiria, ambaye hawezi kuwinda samaki asiyemwona ndani ya maji, au chura, ambaye hupitisha hewa na maji katika ngozi yake. Mitaa ya magharibi, kama Lavington na Kileleshwa, bado ina miti, na kwarara huwaamsha watu alfajiri kwa makelele yake. Hao hawathibitishi kuwa mto ni mzima. Wathibitisha jambo jingine lenye matumaini: kiumbe hukaa pale alipoachiwa nafasi.

Hoja ya tatu husikika mwezi wa Julai, kutoka kwa watu waliojikunyata ndani ya makoti. “Tunaambiwa dunia inapata joto,” husema, “nasi tunatetemeka!” Kipupwe chetu kina sababu zake. Kuanzia Juni hadi Agosti jua huwa upande wa kaskazini, na pepo za kusini-mashariki huleta hewa yenye unyevu, ikapanda nyanda za juu na kufanya mawingu mazito yanayolifunika jua siku nzima. Hali hiyo haikanushi kuongezeka kwa joto la dunia, kama vile siku moja ya shibe haikanushi mwaka wa njaa. Majira hupimwa kwa vipimo vya miaka mingi. Ndiyo kazi ya Idara ya Hali ya Hewa, ambayo makao yake yako Dagoretti Corner. Tena hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvua inaponyesha huweza kunyesha kwa ghadhabu. Mvua hiyo itapita wapi, ikiwa kingo za mto zimekwisha kugeuzwa kuta?

Hapo ndipo hoja ya nne inapojifichua. Yasemwa kuwa mto umechafuliwa na maskini wa mabandani. Ni kweli kwamba taka za mabanda huingia mtoni, kwa kuwa wengi wao hawakupewa mifereji wala magari ya taka. Lakini Agosti 2018 serikali ilibomoa jengo kubwa la maduka huko Westlands, lililokuwa limejengwa katika eneo la kijito. Hilo halikuwa banda la maskini. Na mafuriko ya mwaka 2024 yalipokuja, waliopoteza roho na makazi huko Mathare hawakuwa wenye maduka. Tajiri huchukua ukingo, maskini hupokea gharika, kisha maskini huitwa mkosaji. Hukumu kama hiyo haifai kukaririwa na kijana aliyesoma.

Utaniuliza, “Mimi mwanafunzi niweze nini?” Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, imekupa haki ya mazingira safi, na kifungu cha 69 kimekutwika wajibu wa kuyalinda. Wangari Maathai alipoupinga mnara uliokusudiwa kujengwa katika Uhuru Park mwaka 1989, alikebehiwa, mnara haukujengwa. Alipoutetea msitu wa Karura mwaka 1999 alipigwa, msitu ungalipo. Silaha yake ya kwanza ilikuwa kujua alichokitetea.

Nawe jua mto wako. Chukua daftari, andika tarehe, mahali, rangi ya maji, ndege uliyemwona na baridi ya asubuhi ile. Fanya hivyo kila mwezi, kisha umrithishe daftari mwanafunzi wa kidato kinachokufuata. Porojo huogopa maandishi, na ajengaye ukingoni usiku huogopa aliyeupima mchana. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu, msomaji wangu, wapita katikati ya mji wako.