Tikiti si sadaka: msafiri wa Ankoro arudishiwe pesa yake

Hapa kwetu Ankoro, mahali Luvua inaingia katika Lualaba, mtu akitaka kutoka lazima anunue safari kwa mtu mwingine. Wakati wa mvua barabara haitusaidii kitu. Tunashuka na mashua ya injini mpaka Kabalo, kule tunatafuta treni ya Kalemie, ao tunapanda mto mpaka Bukama kwa kuelekea Lubumbashi. Na kila mara tunalipa mbele, mbele ya kuona injini ikiwaka.

Safari ikikufa, mara mingi pesa nayo inakufa. Juu ya hilo tunataka kusema leo, bila kuzunguka: pesa ya tikiti ni deni mpaka siku msafiri anapofika. Mwenye kuipokea amekopa kwa mama wa soko, kwa mwanafunzi, kwa mgonjwa anayekwenda hospitali. Na serikali, ambayo inajua vizuri kulipisha kila mashua, inapaswa kulilinda lile deni.

Wasomaji wa Kalemie na Lubumbashi pengine hawajui vile mambo yanavyopita huku. Mama analeta mifuko yake ya samaki wakavu kando ya mto. Karani anapokea pesa, anaandika jina katika kaye, anasema: kesho asubuhi. Kesho yake: "Mama, mafuta haiyafika." Siku ya tatu, injini iko na ugonjwa. Siku ya tano samaki wanaanza kuharibika, na yule mama amekwisha kula sehemu ya mtaji wake kwa chakula na mahali pa kulala. Akiomba arudishiwe, karani anamwambia feza ndiyo walinunua nayo mafuta. Anamtuma kwa komisioneri. Komisioneri anamtuma kwa mwenye mashua. Mwenye mashua yuko Kabalo, simu imezimwa.

Haya si maneno ya mtu mmoja mwizi. Tunawajua wenye mashua ambao ni watu wa haki, na kama safari imeshindikana wanarudisha mpaka franka ya mwisho. Lakini haki ya msafiri haiwezi kutegemea roho ya yule aliyekutana naye. Leo wanarudisha kwa sababu wana huruma. Tunataka warudishe kwa sababu ni lazima.

Watasema sheria haiko. Iko. Dekreti ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo tungali tunaitumia Kongo mpaka leo, inasema katika kifungu cha 33 kwamba mapatano yaliyofanywa kwa halali ni sheria kwa wale walioyafanya. Kifungu cha 258 kinasema mwenye kumletea mwenzake hasara kwa kosa lake anapaswa kuirekebisha. Kwa hiyo anayeuza nafasi katika mashua na hapeleki mtu, amevunja sheria yenye kupita miaka 130.

Lakini sheria bila mtu wa kuisimamia kando ya mto ni karatasi. Nani atampeleka karani mahakamani kwa bei ya tikiti ya Kabalo? Atatumia pesa kuliko ile anayodai. Wauzaji wa safari wanajua hesabu hiyo sawa vile sisi tunaijua.

Tazameni tena jambo hili. Tangu Septemba 2012 nchi yetu iko ndani ya OHADA, na OHADA iko na sheria nzima, ya mwaka 2003, juu ya mkataba wa kusafirisha mizigo kwa barabara. Mfuko wa mahindi ndani ya lori uko na sheria yake: nani anaupokea, nani anajibu ukipotea. Mama anayekaa juu ya ule mfuko, sheria hiyo haimtaji.

Ni wakati wa kulipisha ndipo serikali inajua njia ya bandari. Mashua ikifunga kamba, huduma zinafika na makaratasi yao: huyu anataka ya usafi, huyu ya usalama, huyu ya mto, huyu ya soko. Mwenye mashua analipa, kisha anaongeza yote juu ya bei yetu. Kwa hiyo ni sisi wasafiri tunaolipia zile kalamu zote. Katika zile kalamu, tuonyesheni moja tu yenye kuuliza: wasafiri wa wiki iliyopita, walirudishiwa pesa yao?

Kwingine mambo haya yamekwisha kupangwa, na si mbali sana. Ng'ambo ya ziwa, kule Kigoma, wafanyabiashara wetu wanaopanda basi wanakuta nchi ambayo iliunda LATRA mwaka 2019, mamlaka ya kusimamia usafiri wa nchi kavu, na pembeni yake baraza la kuwatetea watumiaji. Abiria mwenye malalamiko anajua mlango wa kupiga hodi.

Kule Ulaya, na Ubelgiji ni ndani, sheria namba 1177 ya mwaka 2010 inawalinda wasafiri wa baharini na wa mitoni. Safari ikifutwa, ao ikichelewa kutoka kupita dakika 90, msafiri anachagua: apelekwe kwa njia nyingine, ao arudishiwe pesa ndani ya siku 7. Uingereza, kila muuzaji wa safari za ndege zenye ulinzi huo anaweka pauni 2,50 kwa kila msafiri ndani ya mfuko mmoja. Kampuni kubwa ya Thomas Cook ilipoanguka, tarehe 23 Septemba 2019, wasafiri wake wengi walikuwa bado nchi za mbali. Serikali ya kule ilirudisha nyumbani watu zaidi ya 140 000, na waliolipia safari ambazo bado hazijafanyika walirudishiwa pesa kutoka mfuko ule.

Hatuombi mambo ya London yaletwe Ankoro. Tunachotaka kuonyesha ni akili ya ule mpango: walikubali kwamba muuzaji anaweza kuanguka, wakaweka pesa pembeni mbele ya kuanguka kwake.

Wenye mashua wako na jibu lao, na ni lazima tulisikilize. Wanasema mafuta ni ghali, wakati wa kiangazi maji inapungua na mashua inakwama katika mchanga, na ukiwabana sana wataacha kazi ao watapandisha bei. Kuna ukweli ndani. Mto ukikauka, hakuna wa kulaumiwa, na msafiri anaweza kungoja ikiwa anaambiwa ukweli. Lakini mto kukauka hakumpi mtu ruhusa ya kubaki na pesa ya wengine. Na juu ya bei, tunauliza: samaki walioharibika, siku tano za kulala kando ya mto, mtihani uliopita bila mwanafunzi, hiyo si bei? Tunailipa tayari, paka haiandikwi katika kaye.

Kuna sababu nyingine ya kutaka tikiti ya kweli, nayo ni nzito kupita pesa. Desemba 2014 mashua MV Mutambala ilizama katika Ziwa Tanganyika, na watu zaidi ya 120 walikufa. Oktoba 2024 mashua MV Merdi ilizama katika Ziwa Kivu mbele ya Goma, na hesabu ya watu waliokuwa ndani ilileta mabishano. Muuzaji anayeandika jina, tarehe na bei kwa kila mtu, na ambaye anajua kila jina ni deni, atajaza mashua kwa kiasi. Na siku ya msiba, Mungu atuepushe, jamaa watajua ndugu yao alikuwa ndani ao hapana.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na yote yanaweza kufanywa na bunge la jimbo kule Kalemie, ambalo Katiba ya 2006 inalipa nguvu ya kutunga édit.

Kwanza, asiuze safari mtu asiyeandikishwa, awe mwenye mashua, karani ao komisioneri; na jina la mwenye kujibu liandikwe juu ya tikiti, pamoja na bei na siku ya kutoka.

Pili, safari isipofanyika, msafiri arudishiwe pesa yote ndani ya siku 7, na asilazimishwe kungoja safari nyingine.

Tatu, katika zile pesa huduma zinazokusanya bandarini, sehemu ndogo kwa kila msafiri iwekwe pembeni kama dhamana ya kurudishia watu. Tunasema katika zile zile. Tusikie kesho kwamba kodi mpya imezaliwa kwa jina letu, tutakuwa wa kwanza kuikataa.

Nne, kila bandari kubwa ya mto, Ankoro na Kabalo, iwe na mtu mmoja wa kupokea malalamiko na kuyakata siku ile ile, pamoja na wajumbe wa wasafiri na wa wenye mashua. Mwenye kukataa kulipa, mashua yake isifungue kamba.

Waheshimiwa wabunge wetu wa jimbo, ninyi pia mlikuja kutafuta kura zetu kwa njia ya mto huu. Wakati wa kura mtakuja tena. Bamama wa soko watawangoja pale pale bandarini, na watauliza édit iko wapi.