Mganga Hajigangi: Kukitetea Kitabu Kichekeshacho

Wako watu wasemao kwamba kitabu kichekeshacho hakifai kusomwa shuleni. Kwao hekima sharti inune, na mwandishi asiyewaliza wasomaji wake ni mpuuzi. Wengine huongeza kwamba maradhi ya akili si jambo la mzaha, na kwa hiyo riwaya ya kuchekesha juu ya tabibu wa akili na wateja wake ni ukosefu wa adabu. Nakuomba, msomaji, usikubali upesi. Hoja ya kwanza ni ya uongo. Ya pili ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo ipotezayo watu wengi.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 2002 François Lelord, Mfaransa ambaye mwenyewe alisomea utabibu wa akili, alitoa riwaya yake ya kwanza, yenye habari za tabibu kijana aitwaye Hector. Wateja wa Hector si vichaa wa kufungwa kamba. Wengi wana nyumba, kazi na afya, na hata hivyo hawana raha. Mmoja wao ni mpiga ramli ambaye hawezi tena kuyaona mambo yajayo! Hector hana dawa ya kuwapa, wala yeye mwenyewe hana raha. Basi afunga safari kwenda nchi za mbali, akiandika katika kijitabu chake kila alilojifunza juu ya furaha.

Sasa jiulize: hapo achekwa nani? Si mgonjwa. Achekwaye ni tabibu, ajuaye kuyataja maradhi ya kila mtu isipokuwa yake. Wazee wetu walilisema jambo hilo kwa maneno mawili tu: mganga hajigangi. Kicheko cha namna hii hakimdhalilishi mtu. Humshusha mkubwa na kumwinua mdogo mpaka macho yao yakutane. Ndiyo kazi aifanyayo Abunuwasi katika hadithi zetu, amchekeshapo mfalme na kumfundisha kwa wakati mmoja.

Kicheko kibaya ni kingine, nawe wakijua. Hapa Kenya, ikitajwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1910, wengi huangua kicheko, na jina hilo hutumiwa kama tusi. Mwanafunzi asiyepata usingizi kwa huzuni, aonekanapo mlangoni pa mshauri wa shule, hupachikwa jina la utani kabla hajatoka. Matokeo yake ni nini? Hunyamaza. Na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mficha maradhi kifo humfichua. Kicheko hicho cha uani ndicho kifaacho kupigwa marufuku, si kitabu.

Sisemi kwamba riwaya hiyo haina ila. Hector afikapo Afrika, nchi aliyoiendea haina jina, na ijapokuwa akutana na wenyeji wakarimu, majambazi nao wamteka. Mwandishi aliyeweza kuona uchungu mdogo mdogo wa wateja wa nyumbani kwake, alipofika kwetu alitosheka na sura ya zamani ya bara la hatari. Je, tukitupe kitabu kwa sababu hiyo? La hasha! Tukisome, tukipinge, kisha tukishinde kwa kuandika chetu: hadithi ya tabibu wa Kisumu au Malindi, na ya watu waketio barazani pake wakiona haya kuzitaja shida zao. Hadithi hiyo yangoja kalamu, na huenda kalamu hiyo ikawa yako.

Basi cheka, lakini pima kwanza. Jiulize: mtu huyu nimchekaye, akiusikia mzaha wangu, ataweza kucheka pamoja nami? Ikiwa ataweza, cheka kwa sauti, wala usimwogope mwalimu yeyote anunaye. Ikiwa hataweza, funga kinywa chako, ukaketi karibu naye.