Fundi Naye Apewe Kiti Chuo Kikuu

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, wamenena wahenga. Nami naongeza kuwa mwalimu naye, afundwavyo chuo kikuu ndivyo aendavyo kuwafunda watoto wetu. Kwa hiyo namna sanaa inavyosomeshwa katika vyuo vikuu si shauri la wachoraji peke yao. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika madarasani mwaka 2019, umeifanya sanaa, pamoja na michezo, kuwa mkondo mmoja kati ya mitatu ya sekondari ya juu. Je, walimu wa mkondo huo wataingia darasani na elimu gani?

Tuianzie Makerere, maana ndiyo shina la usomeshaji wa sanaa katika vyuo vyetu vya Afrika Mashariki. Mwanzilishi wake alikuwa Mwingereza, Bibi Margaret Trowell, aliyeanza kusomesha katika miaka ya 1930 barazani pa nyumba yake mjini Kampala. Mwendo wake ulikuwa huu: hakumwekea mwanafunzi picha ya Ulaya ili ainakili. Alimsimulia jambo, kisha akamwacha alichore kama alivyoliona moyoni. Alichelea kwamba kumwonyesha mno kazi za wageni kungemharibia jicho lake. Katika malezi hayo alitoka Mkenya Gregory Maloba, aliyeunda Sanamu ya Uhuru iliyoko Kampala tangu 1962. Walitoka pia Sam Ntiro na Elimo Njau, wana wa Kilimanjaro. Huyo Njau ndiye aliyechora kuta za kanisa kuu la Murang'a, akamwonyesha Yesu akiwa Mwafrika katika nchi ya Kiafrika.

Bibi Trowell alipostaafu mwaka 1958, usukani ulishikwa na Cecil Todd, naye akageuza tanga. Aliona kuwa kumfungia mwanafunzi milango ya dunia ni kumdhulumu. Akasomesha historia ya sanaa, kanuni za rangi na mbinu zilizotumika Ulaya, kama zisomeshwavyo kwingineko. Na katika zama zake alisoma Theresa Musoke, ambaye michoro yake inajulikana vyema Kampala na Nairobi pia.

Wasomi wamebishana miaka mingi juu ya walimu wawili hawa, nani alifuzu na nani alipotoka. Mimi naona kila mmoja alishika ukweli nusu. Bibi Trowell alijua kuwa mwanafunzi haji mtupu. Todd alijua kuwa kipaji bila kanuni ni jahazi bila usukani. Lakini ukiyasikiliza vizuri mabishano yao, utaona yote yanahusu Ulaya: mmoja anaizuia mlangoni, wa pili anaikaribisha ndani. Fundi wetu, mwenye elimu yake na namna yake ya kuisomesha, hatajwi.

Na namna hiyo ipo. Sisi tuliosoma chuoni tuliandikiwa herufi ubaoni na mwalimu, tukazifuatisha kwa kalamu mpaka mkono ukazoea. Hakuna aliyetuambia tutazame moyoni kwanza. Mwanagenzi wa nakshi pale Lamu au Siyu hupita njia hiyo hiyo: hunoa patasi, hupiga msasa, hurudia ua moja la fundi wake mara nyingi, na siku moja hukabidhiwa ubao wa mlango aupambe kwa fikira zake. Utungaji nao ni vivyo hivyo. Mizani huingia sikioni kwa kusikiliza, na baadaye ndipo mtu hunena lake. Hapa kanuni na moyo havigombani, kwa sababu kanuni yenyewe ni ya nyumbani.

Najua nitajibiwa kwamba fundi hana shahada. Ni kweli, lakini shahada ni ushahidi wa elimu, siyo elimu yenyewe. Nitaambiwa pia kwamba fundi hurudia yale yale. Kurudia ndiko kunakofanya mkono kuwa mwepesi, na asiyeweza kurudia vizuri hawezi kubadilisha vizuri.

Tatizo lililo mbele yetu ni kubwa. Somo la sanaa na ufundi lilitahiniwa shule za msingi katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, kisha likaondolewa katika mtihani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lisilotahiniwa hapa kwetu halisomeshwi. Vijana wengi wanaosomea ualimu leo walikua bila kushika udongo wala brashi darasani. Tukiwapa nadharia tupu, watakwenda kuwasomea watoto vitabu juu ya ususi, ilhali bibi wa mtoto anasuka mkeka nyumbani.

Rai yangu ni nyepesi. Kila idara inayofunda walimu wa sanaa imwajiri fundi wa mahali pake, mchongaji, mfinyanzi au msusi, kwa mshahara na kwa cheo cha mwalimu, si kwa kualikwa siku ya maonyesho akapigwa picha. Na mwanafunzi asihitimu mpaka akae miezi kadhaa chini ya mkono wa fundi huyo, na fundi awe na sauti katika kupasisha au kuangusha. Yaliyoletwa na Trowell na Todd yabaki, hayana ubaya. Lakini mafundi hawa wanazeeka, na tukingojea mpaka wapate vyeti, tutavipeleka makaburini kwao.