Mwezi Uliopotea Njiani



Wiki hii naanza kwa kukiri kosa langu. Jioni ya mwandamo wa Rajab, mpwa wangu, binti wa miaka 16, alipanda juu ya paa la nyumba yao hapa Mombasa na kamera aliyoletewa na ami yake aliyeko Maskati. Baada ya Magharibi akatuma picha katika kundi la familia, na chini yake akaandika kwamba ameuona mwezi. Kila mmoja wetu akaifungua kwenye simu yake. Tukaona wekundu wa machweo, mnara wa msikiti na minazi miwili. Mwezi hatukuuona. Mmoja akacheka, mwingine akasema watoto wa siku hizi wanapenda kusifiwa, nami, badala ya kunyamaza, nikaandika kwamba ni aibu kudai kuona kisichoonekana. Mtoto hakujibu. Dada yangu aliniambia baadaye kwamba usiku ule alilala bila ya kula.

Siku ya tatu nilipita kwao. Binti aliniamkia kwa adabu yake ile ile, kisha akaileta kamera na kuikuza picha kwenye kioo chake. "Tazama hapa, mjomba, kushoto ya mnara." Mwezi ulikuwepo, mwembamba kama ukucha. Picha ilikuwa ni ile ile aliyotutumia. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake, kisha nikaandika tena katika kundi lile lile nililomvunjia heshima. Suratul Hujurat inatufundisha tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, nami ni mtu niliyeifasiri aya hiyo darasani mara nyingi.

Baada ya hapo nikamwomba anifundishe mwezi ulipotelea wapi. Nayaandika haya kwa sababu najua nyumba nyingi zina vijana wapigao picha za mwezi na nyota, na wazazi wazitazamao kwenye simu.

Picha ya kamera huundwa kwa nukta nyingi, kama mkeka unavyosukwa kwa miyaa. Picha ya mpwa wangu ilikuwa na nukta 6000 kwa upana na 4000 kwa urefu, yaani milioni 24. Lenzi yake haivuti mbali sana, kwa hiyo duara lote la mwezi lilichukua nukta zipatazo 110 tu, na ule ukingo uliong'aa ulikuwa na unene wa nukta mbili hivi. Programu ya ujumbe, ili picha isafiri upesi na isile bando, iliupunguza upana hadi kiasi cha robo. Kila nukta 16 zikachanganywa zikawa moja. Ukingo wa nukta mbili ukawa hauna hata nukta moja kamili, na nuru yake ikamezwa na mwanga wa machweo.

Kisha likafuata jambo la pili, nalo ni kubanwa. Picha nyingi za simu huhifadhiwa kwa mtindo wa JPEG, uliotolewa mwaka 1992. Mtindo huu huigawa picha katika miraba ya nukta 8 kwa 8, kisha hutupa tofauti ndogo ndogo ambazo jicho halizitambui kwa urahisi. Kwa picha ya arusi hasara yake ni ndogo. Lakini anga karibu yote ni tofauti ndogo ndogo. Ukungu mwepesi unaoizunguka Kilimia, au hilali juu ya mbingu ambayo bado ina mwanga, ni katika vitu vya mwanzo kupotea. Ukibana kupita kiasi, utaiona mbingu nyeusi imegeuka viraka vya mraba.

Dawa yake ni kuiandaa picha mwenyewe kabla ya kuituma, usiiachie programu ikuamulie. Kwanza, ile ya asili isiguswe. Tengeneza nakala, na kazi yote ifanyike juu ya nakala hiyo. Pili, kata kabla ya kupunguza. Lau mpwa wangu angeikata sehemu yenye mnara na mwezi, akaacha minazi na mapaa ya jirani, mwezi ungetufikia. Tatu, ikiwa unataka anga yote ionekane, punguza upande mrefu hadi nukta 2000 hivi, ambazo zinatosha kwa kioo cha simu. Programu ya GIMP, ambayo haitozwi pesa, huifanya kazi hii kwenye kompyuta. Nyota hufifia zikipunguzwa, basi ongeza ukali kidogo baada ya kupunguza, wala usizidishe, kwani nyota zitavikwa pete nyeusi ambazo mbinguni hazipo.

Nne, hifadhi kwa JPEG mara moja tu, mwishoni, kwa ubora wa kiasi cha 90 kati ya 100. Kila ukiifungua, ukaibadilisha na kuihifadhi tena, hupungua. Ni kama msahafu au kitabu kunakiliwa kutoka kwa nakala ya nakala, kila mwandishi akiongeza makosa yake. Mtindo wa PNG hautupi kitu, ila faili lake huwa kubwa zaidi.

Tano, unapoituma, ichague kama hati, si kama picha, ili isibanwe tena njiani. Lakini hapa nawasihi akina mama wawe macho. Simu ambayo kipimo cha mahali kimewashwa huandika ndani ya picha mahali ilipopigiwa. Picha ikitumwa kama hati, maelezo hayo husafiri nayo. Binti aliyepiga picha ya nyota juu ya paa huenda akawa amewapa watu asiowajua mlango wa nyumba yenu. Zima kipimo hicho kwenye kamera ya simu kabla ya kupiga, au yafute maelezo hayo kabla ya kutuma nje ya familia. Sitara ya nyumba ni amana.

La mwisho ni ukweli wa maelezo. Abdurrahman as-Sufi, mwanazuoni wa Uajemi, aliandika kitabu chake cha nyota karibu mwaka 964. Kila kundi la nyota alilichora mara mbili: jinsi linavyoonekana mbinguni, na jinsi linavyoonekana kwenye tufe. Hakutosheka na michoro. Aliweka na majedwali ya mahali pa kila nyota na kiasi cha mwangaza wake, na msomaji aliweza kuupima mchoro kwa jedwali. Nasi tuandike chini ya picha tarehe, saa, mji, na tulichokibadilisha. Kuangaza picha ili hilali ionekane si vibaya ukisema umeiangaza. Kubandika mwezi usiokuwepo ni uongo, hata ukipendeza.

Mpwa wangu ameituma tena picha ile, safari hii akiwa ameikata na kuieleza. Babu yake mwenye miaka 81 aliishika simu karibu na miwani, akatazama kitambo, kisha akasema, "Huu hapa, mwanangu. Nauona." Binti alicheka, na jioni ile alikula nasi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.