SHAMBA NA SOKO: Mahindi Yanayozuiwa Mpakani

Mwezi wa Machi, 2021, Serikali ya Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingie nchini, kwa kuwa yalionekana kuwa na sumukuvu nyingi kupita kiasi, ile ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Mkulima wa Njoro au Bahati aliyepata habari hiyo huenda alifurahi, maana mahindi ya nje yakipungua sokoni, bei ya gunia lake huwa nzuri. Furaha hiyo haikuwa na msingi. Siku chache baadaye mpaka ulifunguliwa, ila kwa sharti kwamba kila shehena iwe na hati ionyeshayo kuwa sumu haizidi sehemu 10 katika sehemu 1,000,000,000. Kwa hesabu hiyo, sumu iliyomo katika gunia zima la kilo 90 haitakiwi kufika hata sehemu moja ya elfu ya gramu.

Kipimo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya wageni tu. Ndicho kipimacho mahindi ya Kenya yenyewe. Novemba 2019 Shirika la Viwango lilipiga marufuku aina 5 za unga uliokuwa ukiuzwa madukani. Na mwaka 2004 watu 317 waliugua, 125 kati yao wakafa, wengi wao katika nchi ya Ukambani. Mahindi mengi waliyokula hayakuvuka mpaka wowote, bali yalitoka katika mashamba yao wenyewe, yakawekwa ghalani yangali na unyevu.

Moto wa jikoni hauiondoi sumu hii. Ugali ukiiva, sumu imo. Punje yaweza kuonekana safi, nayo ina sumu. Wala si busara kumpa ng'ombe mahindi yaliyoota kuvu, kama wengi wafanyavyo wakidhani wanaokoa mali: sumu hutokea tena katika maziwa, na maziwa hunywewa na watoto.

Katika Nakuru hatari huja wakati wa mavuno, mvua inaponyesha juu ya mahindi yaliyokwisha komaa, huku karo ya Januari ikimhimiza mwenye shamba kupukuchua upesi. Unyevu hautakiwi kuzidi sehemu 13.5 katika 100. Yafaa mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya ardhi tupu, maana kuvu hiyo hukaa udongoni. Na magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Jua likikosekana, Bodi ya Nafaka na Mazao ina mashine za kukaushia.

Asiye na chombo cha kupimia atwae chupa kavu yenye kifuniko, atie mahindi mpaka theluthi moja, aongeze vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, aitikise kwa nguvu, kisha aiache robo saa. Chumvi ikigandamana na chupa, unyevu umezidi sehemu 15. Isipogandamana, mahindi yamekaribia, lakini yaendelee kuanikwa mpaka yapimwe kwa mashine.