Bwana wa Mafuta Hakosi Kiti

Wandugu watu wa kazi, desturi ya kompani mnaijua. Kapita akiharibu mashine moja, kesho anarudisha kofia na taa, anafukuzwa. Sasa sikieni habari za bwana mkubwa mmoja, Tony Hayward, Mwingereza.

Aliingia kompani ya mafuta BP mwaka 1982, kazi yake kupima mawe penye visima. Akapanda, akapanda, na mwaka 2007 akawa mkubwa wa wote. Tarehe 20 Aprili 2010 kisima chao kililipuka baharini, katika Ghuba ya Meksiko. Watu wa kazi 11 wakafa. Mafuta yakamwagika siku 87. Naye bwana akawaambia waandishi kwamba anatamani kurudishiwa maisha yake. Maisha yake! Na wale 11?

Aliondoka Oktoba, na mshahara wa mwaka mzima mkononi, zaidi ya pauni milioni 1. Mwaka 2012 BP yenyewe ilikubali kosa la vifo vile.

Mnafikiri alikaa nyumbani? Mwaka 2013 akapewa kiti cha mwenyekiti wa Glencore, wenye migodi ya shaba na kobalti kwetu Kolwezi, akakikalia mpaka 2021. Juni 2019 udongo uliporomoka katika eneo la KCC, kompani ya Glencore. Wachimbaji wa mikono 43 wakafa, kwa hesabu ya wakubwa wa jimbo. Glencore ikasema waliingia bila ruhusa.

Bila ruhusa, katika udongo wa babu zao! Na yeye, ruhusa ya kukaa juu ya udongo ule alipewa na nani?